Samaki Aliyening'inia Mlangoni kwa Kaneo

Kaka yangu Kaneo hapigi simu hovyo. Kwa hiyo aliponipigia Jumamosi ile asubuhi, nikajua ama nyumba inaungua, ama kuna mtu kafa.

"Chizuru," akasema. "Kuna samaki mlangoni."

"Mzima au kafa?"

"Acha mchezo. Ananing'inia kwenye kitasa. Hana jina."

"Kaka, umewahi kuona samaki mwenye jina?"

"Mfuko! Mfuko ndio hauna jina! Njoo bwana!"

Akakata. Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikaenda.

Mwezi wa kumi ukiingia, huku kwetu pwani ya mashariki ya Hokkaido, samoni wanarudi mtoni na watu wanashikwa na wazimu wa ukarimu. Mwenye samaki wawili anampa jirani mmoja. Jirani naye keshapewa na shemeji yake, kwa hiyo anampa mwalimu, mwalimu anampa fundi bomba. Mimi nimewahi kumtoa samaki mwanzoni mwa wiki nikaja kupewa yuleyule mwishoni, kachoka hata kunishinda mimi. Na hakuna anayebisha hodi. Unaning'iniza mfuko kitasani unatoroka, maana ukibisha utakaribishwa chai, na ukishakaribishwa chai kwetu, siku imekwisha.

Taabu inabaki kwa aliyepewa. Lazima ashukuru, na lazima arudishe chochote. Sasa kama mfuko hauna jina, utamshukuru nani? Ukimshukuru asiyekupa, ni kama umemwambia usoni, "Wewe mchoyo mbona hukunikumbuka?" Kuna watu mtaani kwetu hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya asante iliyopotea njia.

Nilimkuta Kaneo kapiga magoti jikoni, samaki kalazwa juu ya gazeti mbele yake, utafikiri wanaombana radhi. Kaneo ni dereva wa greda la theluji la mji. Majira ya baridi anakuwa mfalme, asipopita yeye hakuna anayetoka nyumbani. Miezi mingine anapaka greda rangi na kula tambi za kikombe. Mkewe alifariki zamani, watoto hawakujaliwa, na maneno yake unaweza kuyabeba kwenye kijiko cha chai.

"Tazama," akasema.

Nikatazama. Samoni mnene, anang'aa, tumbo duara.

"Ni jike," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetokewa na malaika. "Amejaa mayai, Chizuru. Nani anampa mtu jike?"

Hapo alikuwa na hoja. Dume unampa yeyote, hata mtu anayekulalamikia kelele za mbwa wako. Lakini jike lenye mayai! Hilo unampa mama mkwe. Unampa daktari aliyekutoa utumbo akaurudisha. Huliachi tu kitasani kwa mpaka rangi greda.

"Unamdhania nani?" nikauliza.

Masikio yakamwiva. "Tomoe."

Ningejua tu. Tomoe ndiye kinyozi wetu, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi na kicheko kinachosikika mpaka bandarini. Aliachana na mumewe siku nyingi. Kaneo alikuwa anaenda kunyolewa kwake kila wiki, na mtu akinyolewa kila wiki mwishowe anabaki na kichwa kama cha mtawa wa hekaluni, lakini kaka yangu hakukoma. Alikuwa anakaa kwenye kile kiti, anasema "kama kawaida," anafumba macho, anafumbua, analipa, anaondoka. Mapenzi yote yalikuwa humo. Mji mzima ulijua, na tulikuwa tunasubiri tu greda hilo liwake.

Sasa muda ulikuwa umekwisha. Mwanawe Tomoe kule Sapporo alikuwa anamng'ang'ania ahamie kwake, na mtu wa kununua ile saluni alikuwa anakuja Jumatatu kutia saini. Jumatatu hiyohiyo, keshokutwa yake. Kaneo alikuwa na siku mbili za kusema alichoshindwa kusema kwa miaka, na kwa kumjua kwangu, hata miaka mia isingemtosha.

Mimi lakini nina macho. Kwenye mdomo wa samaki kulikuwa na kipande cha kamba ya bluu ya nyavu, kimefungwa fundo la mvuvi.

"Kaka, hili fundo si la kinyozi."

"Wavuvi wote wananyolewa kwake. Kapewa naye akanipa."

"Na kwa nini asiandike jina?"

"Aibu."

Hoja za mtu aliyependa hazina pa kupenyeza hata sindano. Nikamimina chai. Ningemkatiaje raha mtu anayetabasamu mbele ya samaki?

Kabla sijamaliza chai akawa keshavaa kofia. "Naenda kushukuru."

"Kaneo! Na kama si yeye?"

Alishafika barabarani.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, akihema. Aliingia saluni, akainama, akasema, "Asante sana kwa ya juzi." Tomoe akainama, akasema, "Aa, hata kidogo, hata kidogo." Kaneo akaona mambo yamethibitika. Jamani! Kwetu ukimwambia mtu yeyote njiani asante ya juzi, atakujibu hata kidogo, hata kama juzi hiyo alikuwa kalazwa hospitalini na fahamu hana. Ni adabu tu, kama kukohoa kabla ya kuingia. Lakini Kaneo akapata nguvu za ajabu, akatamka sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kutamka mle ndani: "Kesho mchana. Wali. Kwangu. Dada yangu atakuwepo."

Tomoe akasimama na mkasi hewani. Halafu akasema, "Nakuja."

"Nimemwalika!" kaka yangu akanipigia kelele, kanishika mabega ananitikisa. "Chizuru, nimemwalika kula! Na sijui kupika!"

Mimi nina stashahada ya lishe, nimepanga chakula cha shule za mji huu mpaka watoto niliowalisha wana vitambi. Nikamwambia, "Tulia. Tunapika bakuli la wali na samoni. Ni chakula cha mtu aliyechelewa kazini. Hicho hata wewe huwezi kukiharibu."

"Usiseme hivyo. Hunijui."

Mayai tukaanza nayo siku hiyohiyo, maana yanataka kulala kwenye sosi ya soya. Yanakuja yameshikana kwenye ngozi yake, na kuyatenganisha ni kazi ya kuudhi, lakini kwetu kila nyumba ina ujanja wake. Sisi tunatumia raketi ya badminton. Usicheke. Unaiweka juu ya beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, unasugua taratibu, na mayai yanadondoka moja moja kama shanga nyekundu zilizokatikiwa uzi.

"Usipige," nikamwambia. "Unasugua. Hii si mechi."

"Mikono inatetemeka."

"Basi vizuri, tetemekea hapohapo."

Jumapili nikafika mapema. Nikamkuta kavaa tai, na juu ya tai kavaa aproni. Mchele alikuwa anaosha tangu sijui saa ngapi, maji maangavu kama ya chemchemi, bado anasugua.

"Kaka, unaosha mchele au unautubisha?"

"Ulisema mpaka maji yang'ae."

"Yang'ae, si yamwone Mungu! Tia kwenye mashine ya kupikia wali, bonyeza. Haya, leta minofu. Nyunyiza chumvi."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, Chizuru? Sema kitu kinachoeleweka!"

Nikafikiri. "Kama theluji ya kwanza ya mwaka. Ile isiyokufanya utoe greda."

"Aaa!" Uso ukamfunguka. Akanyunyiza, na nakuapia, mpishi wa hoteli asingenyunyiza vizuri zaidi.

Mengine ni mchezo wa mtoto. Minofu inaingia kwenye droo ya kuchomea samaki ya jiko la gesi, ngozi juu. Ngozi ikianza kulalamika, unageuza. Ukitoa, unachomoa miiba, unachambua nyama kwa vijiti vipande vipande, usiipondeponde ikawa kama chakula cha paka. Ngozi unairudisha motoni ikauke ivunjike kama biskuti. Wali ukiwa bado unafuka unaweka bakulini, kipande kidogo cha siagi juu, matone ya sosi ya soya, kisha samoni, kisha vitunguu majani, ufuta, na mwani mkavu unaukata kwa mkasi. Na siku hiyo, juu ya yote, kijiko kikubwa cha mayai. Kaneo alipoliona bakuli la kwanza akaliinamia kama ndiye aliyelizaa.

"Nimelipika mimi hili?"

"Nani mwingine ana tai humu?"

Tomoe akafika adhuhuri kamili. Kapaka rangi ya mdomo, mkononi ana boksi la keki ndogo za maharage. Akavua viatu, akavigeuza vitazame mlango, akaingia. Macho yangu haya yakaona kwamba lile boksi kalishika juu chini, yeye mwenye mikono myepesi. Nikasema moyoni, ehee.

"Karibu, karibu sana," nikamwambia. "Kaka, mkaribishe mgeni."

"Kama kawaida," akasema Kaneo.

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini Tomoe akacheka, kile kicheko cha bandarini, akakaa. Tukashukuru chakula, tukaanza. Alipotia tonge la kwanza mdomoni, yale mayai yakapasuka, siagi ikayeyuka, akafumba macho. Sisi wawili tukaacha kutafuna.

"Kaneo," akasema akiwa bado kafumba, "hiki ni nini umenipa?"

"Wali tu," akasema, shingo nyekundu mpaka kwenye tai.

"Wali tu! Chizuru, msikie nduguyo! Na mayai haya umeyapata wapi, wewe mwanaume? Mimi mwaka huu hata gamba la samaki sijaliona."

Kaneo akatabasamu kama mtu anayejua mzaha. "Wewe tena unauliza."

"Nauliza, ndiyo."

"Ha ha. Haya."

Mimi nikaanza kula haraka. Unajua ukiona maporomoko yanakuja, unakula haraka.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, hakuna hodi. Akaingia Gonda, mvuvi mwenye sauti ya kupigia kelele mawimbi, buti miguuni, kakumbatia samoni dume mwenye pua iliyopinda, kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Kaneo! Usimpasue!"

Tukamtazama.

"Huyu ndiye wako!" akasema, akimnyanyua. "Yule jike ni wa mama mkwe wangu hapo jirani! Nilichanganya milango, kulikuwa bado hakujakucha vizuri na nilikuwa nakimbilia mashua. Mama mkwe alikuwa kwenye chemchemi ya maji ya moto huko mlimani, anaoga na wenzake, karudi sasa hivi, kamkuta huyu dume kitasani. Kaneo, ameniita jina ambalo sijawahi kulisikia hata baharini! Nipe jike langu, ndugu yangu, naku..."

Akaona mabakuli.

"Mmempasua," akasema kwa sauti ndogo.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ya bibi kizee ikapaa: "Gonda! Yako wapi mayai yangu?"

Tomoe alikuwa anamtazama Gonda, halafu samaki, halafu Kaneo. Ana akili Tomoe. Ungeona mambo yakimpangikia moja baada ya moja.

"Kumbe," akasema taratibu. "Ile asante ya jana. Ulidhani mimi ndiye niliyekupa samaki."

Nikamtazama Kaneo. Alikuwa mweupe kama mchele wake.

"Na ndiyo maana nikaalikwa. Nimealikwa kulipwa." Akacheka kidogo, lakini si kile kicheko. "Na mimi nimejipaka rangi ya mdomo. Mjinga mimi."

Akaviweka vijiti vyake chini, akavipanga sawasawa pale kwenye kilalio chake. Kwetu mgeni akipanga vijiti hivyo, mlo umekwisha. Bakuli lilikuwa limebaki nusu. Akainama. "Asanteni kwa chakula," akasema.

Mimi mdomo huu haujawahi kukosa utani, hata msibani. Nikautafuta. Hakuna kitu.

"Nirudi baadaye?" Gonda akauliza.

Tomoe akaanza kuinuka, mkono kwenye koti lake. Na ndipo Kaneo akafungua mdomo, akiwa kaitazama meza.

"Mtu akikupa samaki," akasema, "unamrudishia viazi. Au boksi la sabuni. Unaning'iniza kitasani, unaondoka. Hakuna anayejifunza kupika kwa ajili hiyo."

Tomoe akasimama na mkono palepale kwenye koti.

"Nilikuwa natafuta sababu. Siku nyingi. Samaki akaja." Akameza mate. "Hata ingening'inizwa kabichi ningesema ni wewe. Hata ningekuta jiwe."

"Kaneo..."

"Usiende Sapporo. Kama unataka kwenda, nenda, mwanao ni mwanao. Lakini usiende. Nimemaliza."

Tukasikia mtu anavuta kamasi. Ni Gonda, kamkumbatia dume lake, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

"Gonda, nyamaza," nikamwambia.

"Sijasema kitu mimi!"

Tomoe akakaa tena. Hakukaa vizuri, alikaa upande tu, koti kalipakata. "Mwanangu kila akipiga simu ananiuliza, mama, huko una nani? Una nani huko? Na mimi namwambia nina wateja. Ananiambia, mama, wateja si watu. Sina jibu." Akamtazama kaka yangu usoni kwa muda, kama anavyomtazama mteja kabla hajaanza kukata. "Ungesema kitu hata mwezi uliopita, ningekuwa na la kumjibu."

"Mwezi uliopita sikuwa na samaki," akasema Kaneo.

Basi hapo ndipo kilipotoka, kile kicheko chenyewe! Kilimtoka mpaka akashika meza. Ukuta ukagongwa kutoka ng'ambo, "Nini kinachekesha huko? Mnakula mayai yangu?", na hapo na mimi nikashindwa, na Gonda analia huku anacheka, na yule samaki akamponyoka mikononi, akaanguka sakafuni, akateleza kwenye mbao mpaka chini ya meza, na Kaneo akainua miguu kumpisha, kwa heshima kabisa, kama anayempisha mzee.

Tomoe akafuta macho. Akavichukua vijiti vyake. Akala lile bakuli mpaka punje ya mwisho, bila haraka, halafu akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Naomba uniongeze."

Kaneo akaruka kwenda kwenye mashine ya wali. Akafungua. Akafunga. Akageuka kunitazama mimi kwa macho mabaya sana.

"Chizuru. Umekula mabakuli mangapi?"

"Mimi nikiwa na wasiwasi nakula! Toka utotoni unanijua!"

"Wali umekwisha," akamwambia Tomoe, kwa uchungu wa mtu anayetangaza msiba.

"Basi pika mwingine," akasema Tomoe. Akalichukua lile koti, akalikunja, akaliweka pembeni yake. "Nitasubiri. Simu yako iko wapi? Kuna mtu nataka kumwambia asihangaike kuja kesho na karatasi zake."

Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikachukua mtungi mdogo wa kioo wenye mayai yaliyobaki jikoni, nikamshika Gonda mkono wa koti, nikamvuta nje.

"Lakini mimi sijala!" akanong'ona.

"Utakula kwako."

"Na dume langu je?"

"Dume lipo kwa mwenyewe. Si ulilileta?"

Nje baridi ilikuwa imeanza kuuma. Mama mkwe wa Gonda alikuwa kasimama ngazini kwake na kimono cha nyumbani, bado mwekundu kwa maji ya moto, mikono kiunoni. Nikampa mtungi kabla hajafungua mdomo. Akaufungua, akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena.

"Nani katengeneza?"

"Kaneo."

"Kaneo wa greda?" Akachungulia dirisha la jiko la kaka yangu, akaona viatu vya mwanamke mlangoni, akaona na vivuli viwili ndani. Meno yake yote ya bandia yakaonekana. "Ehee!" akasema. "Gonda, sogea, unaniziba!"

Tukabaki pale chini ya dirisha watu wazima watatu, bila aibu yoyote, tukijipulizia vidole. Bibi alikuwa anakula mayai kwa kijiko alichokitoa sijui wapi. Mle ndani tulisikia Tomoe anazungumza kwenye simu, kisha hatumsikii, kisha wanazungumza wote wawili, na Kaneo, nakuambia ukweli, Kaneo anazungumza! Anaeleza kitu kuhusu greda, kirefu, na Tomoe anauliza, na yeye anajibu. Tukakaa hapo mpaka bibi akamaliza nusu mtungi na miguu yangu haina habari nami.

Halafu tukasikia sauti ya Tomoe. "Kaneo. Mbona mashine haitoi mvuke?"

Bibi akasimamisha kijiko.

"Kaneo?"

"Sikubonyeza," akasema kaka yangu.

Kicheko kile kikatoka dirishani kikatupita vichwani, kikashuka barabara yote kuelekea bandarini, na safari hii kulikuwa na cha pili ndani yake, kizito, kina kutu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. Gonda akanyanyua mguu aingie akabonyeze yeye. Bibi akamshika kola upande mmoja, mimi nikamshika upande wa pili.